Maswali yenu: Daktari wa wikendi

Karibu barua zote za wiki hii zinahusu jambo moja: je, madaktari wawajibike kuhudumia hospitali nzima Jumamosi na Jumapili kama wanavyofanya Jumanne? Nilikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu, na jambo hili bado linaniuma.

Kwa nini madaktari hawafanyi kazi wikendi?

Wanafanya. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Hospitali inayolaza wagonjwa ina daktari wa zamu usiku na mchana, sikukuu na siku za kawaida. Uliza wako wangapi, wana uzoefu gani, na kila mmoja ameachiwa wodi ngapi. Hapo tutaelewana.

Nimesoma kwamba anayelazwa wikendi ana hatari kubwa zaidi ya kufa. Ni kweli au tunatishwa tu?

Tofauti ipo kweli. Ubishi uko kwenye sababu. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa dharura karibu milioni 3.8 waliolazwa jimbo la Ontario. Kwa waliopasuka mshipa mkuu wa damu tumboni, walifariki asilimia 42 ya waliolazwa wikendi, dhidi ya asilimia 36 ya waliolazwa siku za kazi. Mwaka 2015 jarida la BMJ likatoa hesabu ya Uingereza: vifo vya ziada kama 11,000 kwa mwaka miongoni mwa waliolazwa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, ukilinganisha na siku nyingine za wiki. Waandishi wenyewe walionya kwamba kudhani vifo hivyo vyote vingeweza kuzuilika ni kukurupuka na kupotosha. Wanasiasa wakaichukua namba, onyo wakaliacha.

Mwenye maumivu madogo Jumamosi hujikaza hadi Jumatatu. Anayefikishwa hospitali siku hiyo mara nyingi ni yule aliyezidiwa, kwa hiyo wagonjwa wa wikendi ni wachache lakini hali zao ni mbaya zaidi. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliolinganisha Jumapili na Jumatano katika hospitali za Uingereza. Jumapili walikuwepo asilimia 11 tu ya madaktari bingwa, Jumatano asilimia 42. Pengo ni kubwa, lakini watafiti hawakuona kwamba hospitali zenye pengo kubwa zaidi ndizo zenye vifo vingi zaidi vya wikendi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba tukiongeza mabingwa wa Jumapili vifo vitakoma, mwambie aende akasome tena.

Ndugu yangu aliandikiwa kipimo Ijumaa jioni, akaambiwa asubiri Jumatatu. Daktari alikuwepo pale pale! Huo si uzembe?

Unaweza kuwa uzembe. Lakini nikueleze nilichokiona kwa macho yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Jumamosi, saa tatu usiku, analetwa mzee tumbo limekaza kama ubao, jasho linamtiririka. Daktari wa zamu alikuwa kijana, lakini alimpima vizuri na akaandika fomu ya altrasaundi bila kuchelewa. Mlango wa chumba cha altrasaundi ulikuwa na kufuli. Funguo alikuwa nazo mtaalamu, naye alikuwa nyumbani, simu yake haipokelewi. Yule daktari aliikunja fomu mara nne akaitia mfukoni, kisha kila baada ya dakika chache anaitoa, anaikunjua, anaisoma, anaikunja tena. Maabara kulikuwa na mtu mmoja anayehudumia hospitali nzima, na duka la dawa lilishafungwa. Mzee alipelekwa chumba cha upasuaji alfajiri.

Kila nikisikia watu wanapaza sauti “madaktari, madaktari” naikumbuka ile fomu. Daktari asiye na maabara, mionzi, mfamasia, damu wala mbeba machela anabaki kubahatisha. Wanaodai huduma kamili ya wikendi wadai mnyororo mzima, na waanze na aliyebaki na funguo.

Si mkataba ubadilishwe tu, Jumamosi na Jumapili ziwe siku za kazi za kawaida?

Fanya hesabu kwanza. Wiki ina saa 168. Mtu wa saa 40 anajaza chini ya robo yake. Ili nafasi moja isibaki wazi hata saa moja unahitaji watu zaidi ya wanne, na ukiweka likizo, masomo na kuugua, ni watano au sita. Ukiwatawanya watu wale wale kwa siku saba bila kuajiri, umeng’oa daktari wa Jumanne ukampanda Jumapili. Ndicho walichogombania madaktari vijana wa Uingereza na waziri wao wa afya, Jeremy Hunt, hadi wakagoma mwaka 2016.

Msidhani nawatetea madaktari kwa kila kitu. Mabingwa wanaotoweka Ijumaa mchana na kuonekana Jumatatu, wakiacha wodi mikononi mwa kijana mwenye miezi sita kazini, wanakosea, na wao wanajua. Kila aliyelazwa upya aonwe na daktari mwenye uzoefu mapema, siku yoyote ile. Uingereza imeweka kiwango cha saa 14 tangu kulazwa. Hilo naliunga mkono bila masharti.

Kliniki na upasuaji wa kupangwa navyo vifanyike Jumapili?

Hapana, labda siku dharura zitakapokuwa na watu wa kutosha.

Mimi ni daktari wa mwaka wa kwanza. Mkubwa wangu anasema enzi zao walikesha saa 36 na hawakulalamika. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima, lakini mjibu. Utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mwaka 2004, Marekani, madaktari wa mwaka wa kwanza wa wodi za wagonjwa mahututi waliofanya zamu ndefu za kawaida walikosea makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya walipopunguziwa saa. Hata yeye asingekubali kupanda basi la dereva aliyekesha saa 36. Na wewe usikubali kuandika dozi ya mtoto ukiwa katika hali hiyo. Omba msaada, na uandike kwenye faili kwamba uliomba.

Baba aliamka Jumamosi mdomo umepinda upande na mkono hauna nguvu. Tukasema tusubiri Jumatatu madaktari wawe wengi. Tulikosea?

Ndiyo, na nakupa pole kwa dhati, kwa sababu hofu hiyo tumeipanda sisi tunaoandika kila siku kwamba hospitali za wikendi ni hatari. Hizo ni dalili za kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha kuhakikisha si mshipa uliopasuka. Jumatatu ni mbali mno. Vivyo hivyo maumivu ya kifua yanayobana, mtoto anayehema kwa shida, mjamzito anayetoka damu. Nendeni hapo hapo, hata kama mtamkuta daktari mmoja tu. Na mkifika, jambo la kwanza mwambieni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho.