Mnaokwenda Aisilandi, fuateni maji mpaka yapoe

Wadogo zangu wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, nawapenda, lakini mmenichosha. Kila kundi linarudi Entebbe kutoka mafunzo ya Aisilandi na picha zilezile za turbini na mawingu ya mvuke wa kituo cha umeme cha Hellisheiði, kisha linakaa mezani na kutangaza kuwa Kibiro, chemchemi zetu za moto kando ya Ziwa Albert, haina joto la kutosha. La kutosha kwa kazi gani?

1. Bomba la maji moto Reykjavík halina mchezo: maji huingia nyumbani yakikaribia nyuzi 80, kwa hiyo fungua la baridi kwanza. Ya kunywa na ya chai chota la baridi. Pete ya fedha ivue, salfa iliyomo kwenye maji moto itaifanya nyeusi.

2. Kwenye mabwawa ya kuogelea unavua nguo zote na kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia. Msione haya, kwenye chemchemi za moto za Kitagata kwetu watu hawaogi na makoti.

3. Hapa sasa nisikilizeni. Theluji ikianguka, nenda Laugavegur, barabara ya maduka ya Reykjavík, asubuhi. Mapaa meupe, magari yamefunikwa, lakini njia ya miguu iko wazi, inatoa maji kidogo tu. Iguse kwa kiganja. Maji yaliyopasha vyumba kwenye rejeta za ukutani yametoka na nyuzi 35 hivi, na badala ya kumwagwa yanapitishwa kwenye mabomba chini ya njia hiyo. Nje ya mji, vichwa vya samaki hukaushwa kwa hewa vuguvugu inayopashwa na maji moto ya ardhini, vikasafirishwa hadi Nigeria kuwa mchuzi. Huko magharibi wanakausha chumvi ya bahari kwa maji ya chemchemi.

Chumvi, jamani! Kibiro akina mama wanaikusanya ardhini pembeni ya chemchemi, wanachuja udongo, halafu maji yake wanayachemsha kwa kuni. Kuni! Chemchemi inafuka moshi hatua chache tu kutoka jikoni, na mwenzetu mwenye cheti anapita pale akitafuta megawati za umeme. Wavuvi wa Ziwa Albert nao wanakaushia samaki kwa kuni. Bundibugyo kakao inaanikwa kwenye maturubai, mvua ikizidi inaota ukungu na bei inashuka, ilhali kakao haihitaji hewa kupita nyuzi 60, na kwenye chemchemi za Sempaya, wilaya hiyohiyo, wageni wanachemshia mayai. Najua Sempaya imo ndani ya hifadhi ya Semuliki na vibali huchukua muda. Basi hesabu zianze mapema.

4. Njiani piteni Menengai, Kenya, mkaone maziwa yanavyochemshwa kwa jotoardhi. Watu wa Sheema wana ng'ombe na wana Kitagata.

5. Kwenye daftari la uwandani, chini ya joto na lita kwa sekunde, ongezeni safu moja: nani hapa karibu anakausha au kuchemsha nini, na anachoma kuni kiasi gani kwa wiki. Nileteeni daftari hilo, nitakaa nanyi hata usiku kucha.