Pompeii au Ostia Antica ukiwa na watoto?

Dada, kwa siku moja ukitokea Roma na watoto wa miaka 4 na 9, nenda Ostia Antica, magofu ya mji wa bandari wa Roma ya kale. Pompeii, magofu ya mji mwingine wa Kirumi, iko zaidi ya kilomita 200. Muda mwingi utaishia kwenye treni.

Shukeni metro laini B kituo cha Piramide, mwingie stesheni ya Porta San Paolo palepale jirani, mpande treni ya Lido. Tiketi ya kawaida ya metro inatosha, safari ni kama nusu saa. Shukeni Ostia Antica, si Lido Centro, kule ni ufukweni. Jumatatu pamefungwa. Chini ya miaka 18 hawalipi, ila beba pasi zao kuthibitisha umri.

Kigari cha mtoto kiache hotelini. Barabara kuu, Decumanus, imetandikwa mabamba ya basalti (jiwe gumu la volkano) yenye nyufa pana, na magurudumu madogo hunasa humo. Huyo wa miaka 4 abebwe mgongoni akichoka.

Msitake kuona kila kitu, magofu ni makubwa mno. Anzeni asubuhi na ukumbi wa michezo ya kuigiza, kisha uwanja ulio nyuma yake: mozaiki (picha za vijiwe vidogo) za ofisi za wafanyabiashara zingali sakafuni. Mwambie mkubwa atafute tembo. Ni alama ya watu wa Sabratha, mji wa kale katika Libya ya leo. Halafu vyoo vya umma vya kale, benchi la marumaru lenye matundu yaliyopangwa bila kizuizi chochote kati yake. Hapo watacheka hadi basi. Kofia na maji ni lazima, kivuli ni haba.