Upepo wa matairi kwenye barabara za vumbi za Coober Pedy

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Adelaide, Australia. Mwezi wa saba tutaenda Coober Pedy, mji wa jangwani, halafu tuzunguke William Creek na Oodnadatta kwa barabara ya vumbi. Gari ni Prado ya dizeli. Wengine wanasema tupunguze upepo wa matairi, wengine wanasema huko ni kutafuta pancha. Tushike lipi?

JIBU: Punguzeni, dada, lakini na mwendo mpunguze. Wengi wanafanya la kwanza na kusahau la pili.

Jangwa lile limetandazwa vijiwe vyekundu vilivyong'arishwa na upepo, vingine vina makali. Tairi gumu halibonyei, jiwe linalitoboa. Likilegea kidogo linalikumbatia jiwe na kulipita. Ila ubavu uliolegea unajikunja kila mzunguko, na ukikimbia unachemka mpaka nyuzi zinaachana. Nimefungua matairi ya namna hiyo: kwa nje zima kabisa, ukipitisha mkono ndani unatoka na unga mweusi wa mpira.

Kama kwenye lami mnatembelea psi 36 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), shukeni hadi 28 hivi mkiacha lami, na msivuke kilomita 80 kwa saa. Pimeni asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Baada ya nusu saa ya mwendo pimeni tena: yakiwa yamepanda zaidi ya psi 6, punguzeni mwendo. Tafadhali msitoe upepo tairi likiwa la moto. Bebeni pampu ya kuchomeka kwenye betri, maana mkirudi Stuart Highway, ile barabara kuu ya lami, lazima mjaze kabla ya kukimbia.

Spea ziwe mbili. Ubavu ukichanika hauzibiki porini. Wekeni na kipande cha mbao cha kukalishia jeki, ardhi ya pale inadidimia.

Mafuta: jazeni Glendambo, kituo cha njiani mkitoka Adelaide, kwa sababu hadi Coober Pedy ni kama kilomita 250 bila kituo. Coober Pedy jazeni tena; mzunguko wenu ni kama kilomita 560, na vumbi linakula dizeli kuliko lami.

Kabla ya kutoka mjini someni bango la hali ya barabara. Mvua ikinyesha udongo unakuwa utelezi mtupu, barabara inafungwa, na kuingia ikiwa imefungwa ni kosa lenye faini.

Maji ya kunywa bebeni ya siku kadhaa. Mkikwama, nawaomba sana, msiliache gari. Kutoka angani gari linaonekana upesi kuliko mtu.