Kabla Hujaikwangua Kucha ya Mtu

Mdogo wangu unayeanza utafiti wa fangasi za kucha na ngozi huku Mbeya, tuanze na neno lenyewe. Siku yangu ya pili ya kukusanya takwimu nilimuuliza mama mmoja wa Mbarali, mbele ya shemeji yake, kama ana fangasi. Alinyanyuka akaenda zake. Wanawake wengi wakisikia neno hilo wanaelewa ugonjwa wa ukeni, miguu haimo kabisa. Siku hizi nauliza kwa kuonyesha: hapa katikati ya vidole panawasha? Kucha imenenepa? Kwa watoto nasema mapunye au mashilingi, na mara nyingi mzazi huniita mwenyewe nikamwone na wa jirani. Dodoso lililotafsiriwa mezani kalisomeni kwanza kwa watu watano pale Mwanjelwa, muone watacheka wapi.

Halafu miguu ina aibu yake. Mzee mwenye wajukuu hawezi kuvua mabuti mbele ya kijana asiyemjua, tena kwenye foleni. Toa shikamoo, tafuta chumba au hata nyuma ya pazia, weka beseni la maji. Mbarali na Iringa salamu yako ya "kamwene", hata ukiikosea lafudhi, inafanya kazi ambayo fomu ya ridhaa haiwezi.

Sasa kucha. Jicho linadanganya. Kati ya kucha zilizoharibika, takriban nusu tu ndizo zenye fangasi. Mkulima wa mpunga wa Usangu anashinda kwenye maji, kwa hiyo anayo sababu ya kuwa na fangasi, lakini pia kucha yake imegongwa na jembe na kubanwa na buti miaka ishirini. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi usio wa fangasi, nayo huinenepesha kucha na kuitoboatoboa. Na ukiona mstari mweusi unaopanuka, au weusi unaomwagikia ngozi ya pembeni, usikwangue ukaandika "fangasi". Mpeleke kwa daktari wa ngozi haraka. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya kucha ya kidole cha mguu.

Utafiti wenu utafia kwenye sampuli, si kwenye hadubini. Wangu ulifia hapo. Nilikuwa nakata ncha ya kucha, sehemu rahisi, naitia kwenye kichupa cha plastiki chenye kifuniko, nasafiri nazo siku mbili. Sampuli 31 za kwanza ziliota bakteria na ukungu wa hewani tu. Fangasi hai hukaa mpakani, pale kucha mbovu inapokutana na nzima. Kwa hiyo futa kwa spiriti ya asilimia 70, acha ikauke, kata sehemu iliyoachana na nyama, tupa ungaunga wa juu, kisha kwangua ndani kabisa uelekeo wa shina. Kunja kwenye karatasi safi, ikae kavu. Karatasi nyeusi ni nzuri zaidi kwa sababu unaona ulichopata, na ulichopata kikiwa kidogo kama chumvi ya kuonjea, rudia.

Kabla ya yote hayo, uliza dawa. Watu huku hupitia duka la dawa kwanza, na krimu zenye steroidi hupunguza muwasho huku fangasi ikisambaa. Duara la choa linapoteza umbo lake. Aliyetumia dawa ya fangasi wiki chache zilizopita anaweza kukupa sahani tupu, yaani sampuli isiyoota kitu maabara.

Maabara nitaipitia haraka, mtafundishwa. Ngozi hulainika kwenye KOH (potasiamu hidroksidi, ya kuyeyusha ngozi na kucha ili fangasi waonekane kwenye hadubini) ya asilimia 10 ndani ya dakika chache, lakini kucha inataka asilimia 20 au zaidi, na huenda ukasubiri saa moja. Kwenye agari ya Sabouraud, chakula cha kuoteshea fangasi, tumieni sahani mbili, moja yenye saikloheksimaidi, dawa ya kuzuia ukungu wa hewani, na nyingine isiyo nayo, maana dawa hiyo huzuia hata baadhi ya ukungu unaoshambulia kucha kweli. Ikiota Aspergillus, ukungu ambao mara nyingi hutoka hewani tu, mara moja, usishangilie. Chukua sampuli nyingine siku nyingine. Subirini hadi wiki nne, nyuzi 25 hadi 30. Msiziache sahani kwenye kabati la chumba mwezi Juni. Usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na Trichophyton rubrum, fangasi mkuu wa kucha, ambayo hata kwenye joto haina haraka, itawafanya muandike "haina fangasi" kwa uongo.

Mkirudisha majibu, mgonjwa atauliza atapona lini. Terbinafini, dawa ya fangasi, ya miligramu 250 kwa siku humezwa wiki sita kwa kucha za mikono, wiki 12 kwa za miguu, na daktari ndiye huamua baada ya kuuliza habari za ini. Lakini kucha ya mguu hukua milimita moja na kidogo kwa mwezi. Kidonge kikiisha, kucha bado mbaya, na mtu anaona ametapeliwa. Chora alama mpakani kwa kisu kidogo siku ya kwanza, umwonyeshe ikisogea. Na chukua namba mbili za simu, ya kwake na ya jirani, kwa sababu mpunga ukiiva hutampata nyumbani mpaka mavuno yaishe.