Jibu: Al-Ittihad ni ya 1944 au 1948?

Salaam ndugu. Umekwama kwenye rasimu yako kwa kuwa gazeti la Kiarabu la Al-Ittihad linasema lilizaliwa 1944 huku chama chake, Maki (Chama cha Kikomunisti cha Israeli), kikiwa cha 1948. Nilishawahi kujikwaa hapohapo.

Kwanza hakikisha unasoma habari za Al-Ittihad ya Haifa, mji wa Israeli, si ile ya Abu Dhabi ya 1969, ambayo ni gazeti la serikali. Mimi nilizichanganya nikapoteza siku mbili nzima!

Ya Haifa ilianza Mei 1944, enzi za utawala wa Waingereza huko Palestina, chini ya kina Emile Touma, Emile Habibi na Fuad Nassar. Nyuma yake walikuwapo wafanyakazi wa Kiarabu na jumuiya ya wakomunisti Waarabu. Mapema 1948 Waingereza wakalifungia. Likarudi Oktoba mwaka huohuo, jumuiya ilipoungana na Maki. Kwa hiyo gazeti limekitangulia chama, na tarehe zako zote mbili ni sahihi.

Tazama na 1965 pia: Maki ilipasuka, gazeti likabaki na Rakah, tawi lililofuatwa na Waarabu wengi. Usahihishe na neno "gazeti la kila siku" kwenye rasimu yako. Hilo lilikuja 1983.