Datsun 240Z inachemsha? Usikimbilie rejeta kubwa

Kabla ya kuuliza bei ya rejeta, jiulize: inachemsha ikiwa wapi? Mshale wa joto ukipanda kwenye foleni ya Buzuruga hapa Mwanza na kushuka gari likishatembea, shida ni upepo, yaani feni, kava yake au rejeta iliyoziba kwa nje. Foleni ukiipita salama, halafu ukishavuka Buhongwa na kushika mwendo kuelekea Usagara mshale ukaanza kujivuta juu, kagua mzunguko wa maji, taiming (wakati plagi inapowasha moto) na petroli. Fundi asiyeuliza hili atabadilisha spea moja baada ya nyingine, na hela ni yako.

Injini ya L24, ile ya asili ya 240Z, haina ugonjwa wa kuzaliwa wa kuchemsha. 240Z zilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni kile kilichobadilishwa: injini kubwa zaidi ya L28 iliyopanuliwa silinda, kabureta tatu, feni ya umeme.

Hakikisha kwanza geji inasema kweli, maana geji na sensa za umri huu hudanganya sana. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye nyumba ya themostati, kisha pima hapo kwa kipimajoto cha bastola. Bila tepu, aluminiamu inayong'aa huonyesha joto la chini kuliko lilivyo. Pima na mipira miwili ya rejeta injini ikiwa moto. Tofauti ya nyuzi 6 hadi 12 kati ya juu na chini ni ya kawaida. Ikizidi 20, maji yanapita polepole mno. Pitisha kipimajoto kwenye uso wote wa rejeta: sehemu iliyopoa peke yake ina mirija iliyoziba.

Halafu themostati. Wengi huing'oa wakidhani wanasaidia. Themostati hubana maji kidogo na kuweka presha ndani ya hedi, ili yasichemkie kwenye kuta za chemba ya moto. Ukiitoa, presha hiyo inapungua. Irudishe, ila ijaribu kwanza. Bana uzi kwenye mdomo wake, ining'inize ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa chini, kisha washa jiko. Inapoachia uzi na kudondoka ndipo inapofunguka. Ya kawaida hufunguka nyuzi 82, na kufikia 95 iwe imeinuka milimita 8. Ikichelewa, tupa.

Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na hapa maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 96. Mfuniko mzima wa presha ya baa 0.9 husogeza kiwango hicho hadi karibu 116. Mpira wake ukikakamaa, umepoteza nyuzi 20 za usalama kwa kitu cha bei ndogo. Kwa kuwa Mwanza hakuna barafu, kulanti theluthi moja na maji ya distili theluthi mbili hubeba joto vizuri kuliko nusu kwa nusu. Ukijaza, egesha gari kwenye mlima, pua juu, hita ikiwa wazi, upepo wote utoke.

Feni ya umeme iwe na rilei (swichi ya umeme) yake, fyuzi ya ampea 30 na waya wa milimita 4 za mraba. Kava ifunike rejeta yote. Weka karatasi mbele ya rejeta: isiponata, feni haivuti, au imefungwa kinyume. Na wale wadudu wanaopaa ziwani kama moshi hujaa kwenye mapezi ya rejeta, vumbi likashikana nao. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo.

Taiming iliyochelewa hupasha moto sana. Kwa injini hizi, jumla ya nyuzi 34 hadi 36 kabla pistoni haijafika juu, kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, ni mahali pazuri pa kuanzia, bomba la vakyumu la distribyuta likiwa limezibwa. Majeti (vitundu vya petroli vya kabureta) yaliyopangwa Dar, usawa wa bahari, huzidisha petroli huku kwetu juu; watu huyapunguza kupita kiasi, petroli ikawa haba na injini ikapata moto, na plagi nyeupe ndiyo dalili.

Yote yakiwa sawa, fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, pandisha mzunguko. Viputo visivyokoma kwenye maji, vinavyoongezeka na mzunguko, ni gasketi ya hedi. Hedi ikitolewa, pima kwa rula ya chuma: ikipinda zaidi ya milimita 0.1, inasawazishwa. Hapa ndipo gereji nyingi huharibu. Hedi iliyopinda imepinda pia juu, zilipofungwa nguzo za kamshafti (shafti inayofungua valvu). Ukichonga chini tu, kamshafti itabana. Kabla ya kuirudisha hedi, rokaamu (mikono inayosukuma valvu) zikiwa zimetolewa, izungushe kamshafti kwa mkono. Ikikwama popote, hedi irudi kwa mchongaji ikanyooshwe kwanza.