Kusubiri sizoni iishe au kwenda nayo kila wiki? Jibu langu baada ya Severance na Andor

Mkuu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema we husubiri sizoni yote itoke ndo unaimaliza usiku mmoja, ukafanya hivyo kwa tamthilia za Severance sizoni ya pili na Andor sizoni ya pili, na hukuona hayo maajabu tunayoyasema, sasa unataka kujua sisi tunaopiga kelele kila episodi mpya ikitoka tunaona nini. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi mwenyewe. Nitataja mpaka nani anakufa, kwa hiyo ambaye hajaangalia hizo mbili aishie hapa, arudi akimaliza.

Mi nipo Uingereza, Leicester, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, shifti za usiku, naingia saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi. Kwenye shifti hiyo tulikuwa na dada mmoja wa Mombasa, kanizidi umri kama miaka kumi, na yeye ndo tulikuwa tunaangalia pamoja, sio kwa kukaa kochi moja, kila mtu kwake, ila tunaongea kwenye kituo cha basi asubuhi na kwenye chai ya saa tisa usiku wazee wakiwa wamelala. Nakueleza haya kwa sababu bila hiyo chai ya saa tisa hata mi ningeandika kama wewe.

Twende Severance. Sizoni ya kwanza iliisha Aprili 2022, ya pili imeanza Januari 17, 2025, karibu miaka mitatu, katikati hapo migomo ya waandishi na waigizaji wa Hollywood ya 2023 ikasimamisha kila kitu. Tuliachwa pabaya sana pale: wafanyakazi wa Lumon, wale waliowekewa chipu kichwani ili mtu wa kazini asimjue mtu wa nyumbani, wameamka nje kwa dakika chache tu, Helly kagundua kwamba huko nje yeye ni Helena Eagan, mtoto wa bosi mwenyewe wa kampuni inayowafunga. Episodi ya kwanza ya sizoni ya pili wanarudi kazini, kila mmoja anasimulia alichokiona nje, ikifika zamu ya Helly anasema hakuona cha maana, alijikuta kwenye nyumba ya kawaida, halafu akakutana na mtunza bustani. Usiku.

Mi ilinipita kabisa, nilikuwa na furaha tu ya kuwaona tena wote wanne. Jumatatu kwenye chai yule dada akaniambia, "Yule siye, kaka." Siye nani? "Yule msichana siye yule wetu, yule ni wa nje kaingia ndani. Mtu akidanganya huongeza vitu hakuulizwa. Nani kamuuliza habari ya mtunza bustani?"

Nikabisha. Nilibisha wiki tatu nzima! Ikatoka ya pili, ya tatu, kila Ijumaa asubuhi nafika nyumbani nafunga pazia naangalia, na kila nikiangalia namwangalia Helly tu, anavyotembea, anavyomtazama Mark mfanyakazi mwenzake anayempenda, anavyosita kabla ya kujibu, na kila wiki napata kitu cha kumtetea na kitu cha kumshuku. Halafu ile nusu ya pili ya wiki nageuka, nasema labda dada yuko sahihi, namwonea huruma Mark. Yaani hiyo hadithi ilikuwa inaendelea kichwani kwangu namsaidia mzee kugeuka kitandani saa kumi usiku.

Februari 7 ikaja episodi ya nne, wametolewa nje porini kwenye theluji, wamekaa kwenye moto wanasimuliwa hadithi za mwanzilishi wa kampuni, Helly anacheka. Irving, mwenzao wa ofisini, anamwangalia. Asubuhi yake Irving anamkamata, anamzamisha kichwa kwenye maji ya barafu chini ya maporomoko, anampigia kelele Milchick msimamizi wao amrudishe Helly wa kweli, na kumbe ndo huyo huyo mtunza bustani wa usiku aliyemkaa kooni Irving toka siku ya kwanza! Helena akarudishwa kuwa Helly hapo hapo majini, anaibuka anahema hajui yuko wapi, na Irving anafutwa kazi moja kwa moja, ambayo kwa mtu wa ndani maana yake ni kifo. Nilisimama katikati ya chumba. Nikamtumia dada ujumbe wa neno moja, "Siye." Akanijibu na voisi ya dakika nne, hakucheka wala hakusema nilikwambia, alikuwa anamlilia Mark, kwa sababu usiku uliopita kwenye hema Mark alilala na mtu akidhani ni Helly.

Sasa we mkuu uliziangalia hizo nne mfululizo. Kutoka kwenye mtunza bustani mpaka kwenye maji ya barafu kwako ilikuwa kama masaa matatu. Huo uongo haukupata muda wa kukaa ndani yako, hukuishi na mtu usiyemwamini, na hicho ndo kitu chenyewe walichokuwa wanatufanyia, walitufanya tukae na Helena wiki tatu kama Mark alivyokaa naye. Ndo maana ukaona ni tukio tu limetokea.

Kuna kingine kuhusu Severance ambacho ni changu binafsi. Wazee wengi ninaowalea wana dimensha, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuna mmoja, kila jioni ikifika muda fulani anavaa koti, anakuja mlangoni anauliza basi la kwenda nyumbani linapita saa ngapi. Kila jioni. Kwake ni mara ya kwanza. Wale watu wa ndani wa Lumon wanaingia lifti jioni, mlango unafunga, unafunguka, ni asubuhi wako kazini tena, siku zote za kazi hawalali wala hawaoni jua. Ile wiki ya episodi ya saba, ile inayomwonyesha Gemma mke wa Mark aliyefungiwa chini, anaingizwa chumba kimoja baada ya kingine na kila chumba anakuwa mtu mwingine asiyejua cha pili, mi nilienda kazini nikamkuta mzee amevaa koti lake amesimama mlangoni. Nilikaa naye pale kwenye kiti muda mrefu kuliko siku zote, tukaongea habari za hilo basi. Ningeimaliza sizoni usiku mmoja, Gemma na huyu mzee wasingekutana kichwani kwangu, maana nisingekuwa nimelala, nimeamka, nimeenda kazini katikati.

Sisemi kila wiki ni tamu. Episodi ya nane, ile ya Cobel, aliyekuwa bosi wao, kurudi kijijini kwao, ina dakika 37 tu na mtu wa kazini anayeonekana ni yeye peke yake. Baada ya Gemma tukasubiri siku saba tukapewa hiyo, niliumia, nikaandika maneno makali ambayo baadaye niliyafuta. Niliporudia sizoni yote mwezi wa sita ilikaa vizuri kabisa, ule ukimya wa kile kiwanda kilichokufa na watu wa kule wanaovuta hewa ya dawa, nikaona ilikuwa inahitaji tu isiwe ndo chakula pekee cha wiki nzima. Hapo nakubaliana na wewe, zipo episodi zinazonyongwa na ratiba.

Andor walilielewa hilo tatizo. Mpango wa mwanzo wa Tony Gilroy, mtunzi wake, ulikuwa sizoni tano, wakaona hawataweza, wakazibana zile nne zilizobaki kwenye sizoni moja ya episodi 12, kila tatu zinabeba mwaka mmoja mpaka kwenye mlango wa Rogue One, ile filamu ya Star Wars inayoendeleza hadithi hii. Ndo maana zilitoka tatu tatu, wiki nne, kuanzia Aprili 22, 2025, huku kwetu ilikuwa Jumatano alfajiri. Hizo tatu ni kama filamu moja, halafu siku saba, halafu unafungua mwaka umepita, watu wamezeeka, wengine hawapo. Ukizipiga zote 12 usiku mmoja hiyo miaka haipiti, unaona maandishi tu yanasema mwaka umepita.

Kwenye Andor nitakaa kwenye episodi ya nane peke yake.

Ghorman, ile sayari ya watu wa vitambaa vya hariri ya buibui. Dola, ile himaya inayotawala galaksi, inataka madini yaliyo chini ya ardhi yao, na kuyachimba ni kuiua sayari, kwa hiyo inahitaji sababu, inahitaji wao waonekane wakorofi. Jumatano ile nilitoka kazini nimechoka, nikasema naangalia moja nalala. Wale watu wanaingia uwanjani, wazee, vijana, wenye maduka, wanaanza kuimba wimbo wao wa taifa kwa lugha yao, lugha ambayo imetungwa tu kwa ajili ya tamthilia hii, sielewi neno hata moja, na nilikuwa nalia kabla hata risasi haijalia. Halafu makamanda wanawatoa mbele askari wapya, watoto wadogo, unawaona kofia zimewazidi na macho yanatafuta pa kuangalia. Mdunguzi yuko juu ya jengo. Ni mdunguzi wa Dola hiyo hiyo. Anampiga mmoja wa askari wake mwenyewe, na hiyo risasi moja ndo sababu waliyokuwa wanaitafuta. Waandishi wa habari wapo pale pale na kamera zao wanasimulia ulimwengu mzima kwamba Ghorman wameanza.

Na Syril. Nilimchukia yule mtu toka 2022. Toka sizoni ya kwanza anamtafuta Cassian Andor, mhusika mkuu, kapoteza kazi kwa ajili yake, maisha yake yote kayajenga juu ya huyo mtu mmoja. Siku hiyo ndo anagundua Dedra mpenzi wake alijua mauaji yanakuja na alimtumia. Anatoka nje kama mtu aliyepigwa, moshi, watu wanaanguka, na katikati ya yote anamwona Cassian. Wanapigana mpaka Syril anamshikia bunduki, na Cassian anamuuliza yeye ni nani. Hamjui! Hajawahi hata kumfikiria. Bunduki ikashuka kidogo, na hapo hapo Syril akapigwa risasi na mzee wa Ghorman aliyekuwa amemwamini akaishia kusalitiwa.

Kwangu kati ya siku nilipoanza kumchukia na siku alipoulizwa hilo swali ilipita miaka miwili na nusu. Nilihama nyumba, nilibadilisha kazi, nilimzika baba yangu Morogoro nikarudi. Miaka yote hiyo na yeye bado anamtafuta. Kwako ilikuwa juzi. Sikulaumu, ila ndo ujue tofauti ilipo, haihusiani na akili wala kuelewa.

Sikulala. Nikampigia dada saa tano asubuhi, akapokea akasema hajaangalia, nisiseme neno. Nikakaa nayo mpaka usiku. Kwenye chai hakuzungumzia Cassian wala Syril, alizungumzia yule askari aliyepigwa na wenzake. "Yule mwana hata jina hatukupawa. Mamake ataambiwa aliuliwa na waasi." Mi kichwa changu chote kilikuwa kwa wakubwa, yeye akaona mama ambaye hata hayupo kwenye tamthilia. Episodi ya tisa seneta Mon Mothma anasimama kwenye seneti anasema yale yalikuwa mauaji ya kimbari, mbele ya watu wasiotaka kusikia, na Dan Gilroy aliyeiandika akapata tuzo ya Emmy ya uandishi Septemba 2025, kihalali kabisa, ila mi kila nikiikumbuka hotuba ile namkumbuka yule mama wa askari wa dada.

Halafu hili la haraka, kwa kuwa umesema haimdhuru mtu ukisubiri. The Expanse, tamthilia ya anga za juu, ilifutwa na kituo cha Syfy 2018 baada ya sizoni tatu, mashabiki wakachangishana wakakodi ndege ya kuburuta bango juu ya ofisi za Amazon, ikaokolewa ikafika sizoni sita. Waliochanga ni watu waliokuwa wanakutana nayo kila wiki.

Ushauri wangu: Severance na Andor zishakupita, usizirudie sasa hivi. Chukua Pluribus ya Vince Gilligan, ilitoka Novemba 2025, episodi tisa, dunia nzima imeunganishwa kuwa akili moja yenye furaha isipokuwa watu wachache, na mmoja wa hao ni jamaa wa Mauritania ambaye anaifaidi hali hiyo kuliko wote. Anza na mbili kwa mpigo maana zilitoka hivyo, halafu moja kila Ijumaa, na usisome uzi wowote kabla. Tafuta mtu mmoja, mmoja tu anatosha, ambaye naye ataangalia wiki hiyo hiyo. Yule dada kahamia Glasgow mwaka jana, bado kila Ijumaa ikiwa kuna kitu kipya napata voisi yake kabla sijavua koti.

Na hiyo Pluribus ukifika ya tatu njoo hapa uniambie Carol, mhusika mkuu ambaye hakuunganishwa, unamwona mbinafsi au ndo pekee mwenye akili timamu, maana mi na dada hatujakubaliana mpaka leo.